Kundi la darasa liwe la shule, lisiwe la simu ya mwalimu

Mhariri,

Kila inaporipotiwa kwamba mwalimu na mwanafunzi wamevuka mipaka kwa njia ya simu, mjadala hugawanyika pande mbili zilezile. Upande mmoja hutaka walimu na wanafunzi wapigwe marufuku kabisa kuwasiliana mitandaoni, na upande wa pili husema mambo yamebadilika, kwa hiyo watu waachwe waendelee kama wanavyoendelea. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari na pia ni mzazi, na naona pande zote mbili zinaliruka swali linalopaswa kutangulia: mawasiliano hayo ni mali ya nani? Yakiwa ya shule, yakipita katika njia ambayo shule inaifahamu na ambayo zaidi ya mtu mzima mmoja anaiona, sehemu kubwa ya hatari huondoka kabla haijaanza. Yakiwa ya simu binafsi ya mwalimu, hata mwalimu mwadilifu kuliko wote huwa amejiweka pabaya, na mwanafunzi wake pia.

Nianze kwa kukiri faida, maana wanaotaka marufuku huzipita haraka mno. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, UNESCO ilikadiria kwamba zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa. Walimu wengi hawakuwa na mfumo wowote rasmi wa kufundishia kwa mbali. Walichokuwa nacho ni programu ya ujumbe ambayo tayari ilikuwa kwenye simu zao na za wazazi, na wakafungua humo makundi ya madarasa bila kusubiri waraka. Shule zilipofunguliwa, makundi hayo hayakuvunjwa, na kuna sababu nzuri ya kutovunjwa. Mwanafunzi aliyekwama jioni hupiga picha ukurasa wa daftari lake na kuutuma. Naangalia mstari wa tatu na naona alipoteleza: alikuwa afungue mabano ya −3(x − 4), akaandika −3x − 12 badala ya −3x + 12, na kuanzia hapo kila kitu kimeharibika ingawa njia yake ni sahihi. Ujumbe wa sauti wa sekunde chache unatosha kumweleza kwamba hasi ikizidishwa kwa hasi haiwezi kubaki hasi, na wenzake waliofanya kosa lilelile lakini wakaona haya kuuliza wanausikiliza pia. Darasani kosa hilo ningeligundua siku mbili baadaye, nikisahihisha madaftari. Ikiwa tutapiga marufuku, tuseme waziwazi kwamba tunakitupa na hiki.

Lakini tazama jinsi makundi haya yanavyoundwa. Mwalimu huchukua laini yake mwenyewe, anakusanya namba za wanafunzi kwenye karatasi inayozungushwa darasani, anaziingiza, na kundi limezaliwa. Kuanzia dakika hiyo namba ya mtoto wa miaka kumi na minne inaonekana na kila aliyemo, na namba ya mwalimu vilevile. Kwa kuwa mwalimu amehifadhi namba zao nao wamehifadhi yake, kila anachokiweka kwenye hali yake ya WhatsApp kinawafikia asipobadilisha mipangilio: picha za harusi ya mdogo wake, kejeli kwa mashabiki wa timu pinzani, hasira zake za kisiasa za usiku wa manane. Nusu ya namba zenyewe huenda si za wanafunzi, ni za mama, kaka au shangazi, kwa sababu mwanafunzi hana simu yake. Ujumbe unaingia, "Mwalimu, kesho sitakuja," na mwalimu hajui kama ameandika mtoto, mzazi, au mdogo wa mtoto anayechezea simu.

Halafu mwalimu anahamishwa. Ama anaendelea kuwa msimamizi wa kundi la shule asiyofundisha tena, na bado anaweza kuwaandikia wanafunzi wale mmoja mmoja, ama anajitoa kimyakimya. Akijitoa bila kumteua mwingine, WhatsApp yenyewe humpandisha cheo mmoja wa waliobaki, kwa hiyo inawezekana kabisa kijana wa nyuma ya darasa akaamka asubuhi akiwa ndiye mkuu wa kundi. Wanafunzi wanalicheka jambo hili. Mimi silioni kuwa la kuchekesha sana, maana linaonyesha kwamba chombo tunachokiita cha shule hakina hata mtu wa shule anayewajibika kwacho.

Hayo ni usumbufu tu, na usumbufu huvumilika. Kisichovumilika ni mazungumzo ya pembeni, yale ya watu wawili, ambayo kundi huyafungulia mlango. Shule nyingi zina utaratibu wa zamani, uwe umeandikwa au haukuandikwa, kwamba mwalimu hakai na mwanafunzi mmoja katika chumba kilichofungwa; mlango huachwa wazi, au mwalimu mwingine huwa karibu. Inboksi ya simu ni chumba kilichofungwa kwa ndani, kinachofunguka saa yoyote ya usiku, na mwanafunzi anakibeba mpaka kitandani. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka simu moja hadi nyingine, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma yaliyoandikwa. Kwa watu wazima wawili hiyo ni kinga nzuri, nami naifurahia ninapoongea na mke wangu. Kati ya mtu mzima mwenye madaraka na mtoto aliye chini yake, maana yake ni kwamba hakuna shahidi. Tangu mwaka 2017 mtumaji anaweza kuufuta ujumbe kwenye simu zote mbili, na tangu mwaka 2020 anaweza kupanga ujumbe ujifute wenyewe baada ya muda. Snapchat, iliyoanza mwaka 2011, ilijengwa tangu mwanzo juu ya wazo hilo la picha na maneno yanayotoweka.

Matokeo yake huonekana siku ya malalamiko. Mzazi anafika ofisini na picha tatu za skrini. Mwalimu anazo zake mbili. Kila mmoja amekata pale palipomfaa, katikati pana mistari iliyosomeka "Ujumbe huu umefutwa," na mkuu wa shule, ambaye ndiye anayetakiwa kuamua, hana hata neno moja lililohifadhiwa na shule. Ikiwa mwalimu ana hatia, atateleza na kuondoka. Ikiwa hana hatia, hana cha kujitetea nacho isipokuwa heshima aliyojijengea, na heshima hiyo haivuki wiki moja ya uvumi.

Wazazi wengi hudhani mambo mabaya huanza kwa maneno mabaya. Mara nyingi sivyo. Huanza kwa neno ambalo lingesemwa mbele ya watu bila aibu: "Mbona leo darasani ulikuwa mnyonge?" Mtoto anajisikia ameonwa, anajibu. Kesho yake mazungumzo yanasogea kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kisha saa sita. Panakuja utani ambao wengine hawaujui, panakuja zawadi ndogo ya bando, na siku moja panakuja sentensi ambayo mtoto yeyote anapaswa kufundishwa kuitambua: "Haya yabaki kati yetu." Sisemi kila mwalimu anayemwandikia mwanafunzi ana nia hiyo, wengi wetu hatuna. Nasema njia yenyewe haitofautishi mwenye nia hiyo na asiye nayo, na hatua za mwanzo za wote wawili zinafanana mno kiasi kwamba anayetazama kutoka nje hawezi kuzitenganisha.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya msimamo wangu, nami siwezi kuipita. Wapo wanafunzi ambao hawawezi kusema jambo lao mbele ya watu: anayepigwa nyumbani, aliyepata mimba, anayefikiria kujiua. Mtoto wa namna hiyo huenda akamwandikia mwalimu mmoja tu duniani, tena usiku, na mwalimu akinyamaza kwa kuogopa kanuni anaweza kuwa amemwacha katika saa yake mbaya kuliko zote. Kwa hiyo ajibu. Ajibu mara moja, kwa maneno machache na ya upole, aulize kama yuko salama kwa sasa na kama kuna mtu mzima karibu naye. Asimwahidi kwamba atamtunzia siri, kwa sababu ahadi hiyo hawezi na hapaswi kuitimiza. Na usiku huohuo, asingoje kupambazuke, amwarifu mshauri wa wanafunzi au mkuu wa shule, huku akimwambia mtoto kwamba anafanya hivyo na kwa nini. Kanuni nzuri huliandika hili waziwazi, ili mwalimu asilazimike kuchagua kati ya mtoto na ajira yake. Kanuni mbaya hukataza tu, kisha hunyamaza.

Tunao mfano wa kanuni mbaya. Mwaka 2011 jimbo la Missouri nchini Marekani lilipitisha sheria iliyolenga kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji, na ndani yake kikawekwa kifungu kilichomzuia mwalimu kutumia mtandao unaompa nafasi ya kuwasiliana faraghani na mwanafunzi wake wa sasa au wa zamani. Nia ilikuwa njema, lakini maneno yalikuwa mapana mno. Walimu wakauliza, je, mwalimu ambaye mtoto wake wa kumzaa anasoma shuleni kwake hataruhusiwa kumwandikia? Chama cha walimu kikaenda mahakamani, jaji akakizuia kifungu hicho mwezi Agosti kabla hakijaanza kutumika, na kabla ya mwaka kuisha wabunge walikuwa wamekifuta na badala yake kuzitaka wilaya za shule ziandike kanuni zao za mawasiliano. Mwaka uliofuata idara ya elimu ya jiji la New York ikatoa mwongozo uliotenganisha akaunti ya mwalimu ya kazi na ile ya binafsi, ukiwataka walimu wasiwasiliane na wanafunzi kwa kurasa zao binafsi. Napenda zaidi njia hii ya pili. Haijishughulishi na kumzuia mtu asiongee. Inamwambia aongelee wapi.

Basi nieleze ninachokitaka kwa shule yoyote, kubwa au ndogo. Shule iwe na laini yake na simu yake, hata ya bei nafuu, na makundi yote ya madarasa yafunguliwe kwa laini hiyo. Kila kundi liwe na wasimamizi watu wazima wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa hafundishi darasa hilo. Kundi la matangazo lifungwe ili wasimamizi pekee ndio waandike. Mpangilio huo upo WhatsApp tangu mwaka 2018, na ajabu ni kwamba makundi mengi ya shule hayautumii, ndiyo maana tangazo moja la tarehe ya mtihani hufukiwa chini ya "Asante mwalimu" arobaini na picha za maua za kuwatakia watu asubuhi njema. Maswali ya masomo yawe na kundi lake na saa zake, tuseme mpaka saa mbili usiku, na yajibiwe mbele ya wote. Mwanafunzi akimwandikia mwalimu pembeni kuhusu somo, mwalimu amjibu kundini bila kumtaja jina: "Kuna aliyeniuliza kuhusu mabano, jibu ni hili." Hapo hakuna aliyeaibishwa, na mlango umebaki wazi. Shule inayoogopa kuanika namba za watoto ina njia nyingine: katika chaneli ya Telegram wafuatiliaji hawaonani, na zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya shule, kama Google Classroom au Moodle, ambazo hazihitaji namba ya simu ya mtu yeyote kuonekana.

Matokeo ya mitihani yasiwekwe kundini kabisa. Nimeona picha ya orodha nzima ya alama, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, majina yakisomeka vizuri, ikirushwa katika kundi la darasa na ndani ya saa moja ikawa imefika katika makundi ya mitaa. Mtoto wa mwisho katika orodha ile hawezi kuifuta kwenye simu za watu asiowajua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 16, unamlinda mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na dhidi ya kuvunjiwa heshima. Sidhani kama walioiandika walikuwa wakifikiria skrini za simu, lakini inatosha.

Kuhusu umri, jambo ni fupi. Mitandao mingi mikubwa, WhatsApp ikiwemo, huweka miaka 13 kama umri wa chini wa mtumiaji, kiwango kilichotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu faragha ya watoto mtandaoni. Mwalimu wa shule ya msingi anayemwingiza mwanafunzi wa miaka kumi kwenye kundi anakiuka masharti ya chombo anachokitumia, na anamfundisha mtoto kudanganya umri wake. Kwa watoto hao mawasiliano yawe na wazazi tu. Australia, ambayo tangu Desemba 2025 inawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao kama TikTok, Instagram na Snapchat, haikuzigusa WhatsApp na Google Classroom. Yaani hata nchi iliyokwenda mbali kuliko nyingine imetofautisha jukwaa la kujionyesha na chombo cha kupeana taarifa. Mwalimu asifuatane na wanafunzi wake kwenye majukwaa ya aina ya kwanza. Hana analolitafuta huko.

Kundi lisiwe pia njia pekee. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita, na Edmodo, mtandao wa madarasa uliokuwa ukitumiwa tangu mwaka 2008, ulifungwa moja kwa moja Septemba 2022. Zaidi ya hitilafu hizo, wapo wanafunzi ambao simu ya nyumbani huondoka na baba asubuhi na kurudi naye usiku. Lililotangazwa kundini lisomwe na darasani au libandikwe ubaoni, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa kazi iliyotolewa kwenye simu pekee.

Na walimu wenzangu wanaosema kanuni hizi zitawaongezea kazi, nawaomba watazame kazi wanayoifanya sasa. Alama mbili za bluu zikionyesha kwamba ujumbe umesomwa saa tano usiku na haukujibiwa, asubuhi mwalimu anaulizwa kwa nini "amemnyamazia" mtoto wa watu. Bando analolipia ni la mfuko wake, na simu inayojaa picha za madaftari ni yake. Mzazi akikasirika, hupiga namba yake moja kwa moja wakati wa chakula cha usiku. Simu ya shule huzimwa saa mbili na kuwekwa kwenye droo. Mimi naona hilo peke yake linatosha kumfanya mwalimu aliyechoka aunge mkono hoja hii, hata kama mengine yote hayajali.

Najua wanafunzi wataendelea kuwa na makundi yao wenyewe, watakapotusengenya na kupeana majibu ya kazi ya nyumbani. Waachiwe. Mwalimu hana haja ya kuingizwa humo, na akiingizwa ajitoe.

Ninachowaomba wakuu wa shule na bodi zao ni ukurasa mmoja tu, ulioandikwa kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa, unaosainiwa na mwalimu na mzazi mwanzoni mwa mwaka na kusomwa darasani kwa sauti. Utaje laini ya shule, wasimamizi wa makundi, saa za maswali, nini hakiwekwi kundini, na mtoto ampelekee nani taarifa akipata ujumbe unaomtia wasiwasi, pamoja na jina la mtu wa pili ikiwa wa kwanza ndiye aliyeuandika.

Ningefurahi, Mhariri, kusoma katika kurasa hizi majibu ya wakuu wa shule ambao tayari wana simu ya shule. Nataka kujua nani huishika wakati wa likizo, bando hulipiwa kutoka fungu gani, na kumbukumbu za mazungumzo huhifadhiwa kwa muda gani kabla hazijafutwa, kwa sababu juu ya hilo la mwisho walimu wenzangu na mimi bado hatujakubaliana.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa hisabati na mzazi